Gunia la Ji Bai
Jamani, nimemaliza riwaya ya The Gunny Sack ya M.G. Vassanji (1989) na bado sijapoa. Salim Juma anarithi gunia la Ji Bai, mke wa ndugu wa babu yake. Kila kinachotoka humo kina kisa chake, tangu Wahindi walioshuka Unguja hadi maduka ya Kariakoo. Lakini aliyenikaba roho ni Bibi Taratibu, mtumwa aliyemzalia Dhanji Govindji, baba wa babu yake Salim, mtoto, kisha akawekwa kando. Mtoto huyo, Huseni, akatoweka, na baba akamtafuta mpaka akazitafuna fedha za jumuiya yake!

Mpenda hadithi iliyonyooka atachoka, maana inarukaruka mno. Vassanji mwenyewe alizaliwa Nairobi, akakulia Dar, akahamia Kanada. Mwenye The Book of Secrets, riwaya yake nyingine, aniazime, nitairudisha, wallahi.