Ugonjwa usio na wodi

Leo asubuhi wanafunzi wangu wamevunja ampuli za maji mpaka meza ikajaa vipande vya kioo. Walikuwa sita, wa mwaka wa nne, na kila mmoja nilimpa kazi ileile. Mbele yako kuna mgonjwa wa miaka thelathini. Dakika kumi zilizopita amechomwa sindano ya dawa. Sasa ametokwa na mabaka ya kuwasha mwili mzima, sauti imekwaruza, anakohoa, presha inashuka. Saa inakwenda. Haya, mtibu.

Huo ni mshtuko wa mzio, yaani aleji kali ya ghafla. Kabla sijawapa bomba la sindano niliwauliza wataanza na dawa gani. Wanne walisema haidrokotisoni. Wa tano akasema dawa ya kuzuia histamini, ile kemikali ya mwili inayoleta kuwasha na kuvimba. Wa sita, binti ambaye huwa hasemi mpaka aitwe kwa jina, akasema "adrenalini" kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Nikawauliza kama wamewahi kuisoma hiyo adrenalini. Wote wameisoma. Wanajua inavyobana mishipa ya damu iliyolegea, inavyofungua njia za hewa, inavyozituliza seli zinazomwaga histamini. Mtihani wa famakolojia wameufaulu. Ila walipoambiwa "sasa", akili zao zilikimbilia zile dawa wanazoziona zikitolewa kila siku wodini.

Kwa hiyo tulirudi mwanzo kabisa. Ampuli ya adrenalini ina miligramu 1 ndani ya mililita 1. Kwa mtu mzima unavuta nusu yake. Mtoto anapata miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito wake, na kipimo kisizidi miligramu 0.5. Unachoma kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati. Dakika 5 zikipita bila nafuu, unarudia. Mgonjwa analazwa, miguu inainuliwa. Pumzi ikimbana mwache akae, lakini asisimame. Mwanafunzi wa kwanza alitumia dakika tatu na nusu tangu nilipomaliza kusoma kisa hadi sindano ilipozama kwenye sponji. Mikono ilimtetemeka, ampuli ikamkata kidole. Kwenye mzunguko wa tano hakuna aliyevuka dakika moja. Yule binti alitumia sekunde arobaini.

Nina sababu ya kuwahesabia sekunde. Mwaka 2000 daktari wa Uingereza, Richard Pumphrey, alichapisha uchunguzi wake wa vifo vilivyotokana na mshtuko wa mzio nchini humo. Kwa wengi waliokufa kwa chakula, moyo au pumzi ilisimama baada ya kama dakika 30. Kwa walioumwa na wadudu, kama 15. Kwa waliochomwa dawa hospitalini, 5. Dakika tano, tena pembeni ya muuguzi na daktari! Namba hizo huziandika ubaoni na kuziacha hapo mpaka kipindi kiishe.

Sababu ya pili sikuwaeleza leo, nitawaeleza siku nyingine. Nikiwa bado mgeni kazini, usiku mmoja aliletwa kijana aliyeumwa na nyuki. Mabaka mwilini, midomo imevimba, tumbo linamkata. Nilimpa promethazini na haidrokotisoni, nikasimama pembeni nikisubiri zifanye kazi. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, alinikumbusha mara mbili, "Daktari, na adrenalini?" Nikamjibu tungoje kwanza, maana niliogopa moyo wa kijana usije ukaenda mbio. Kisha kijana akaomba kwenda msalani, nikamruhusu. Aliinuka kitandani, akapiga hatua mbili, akaanguka kama nguo iliyochomoka kwenye kamba. Yule muuguzi ndiye aliyekuwa ameshaivuta adrenalini, tayari mkononi. Kijana alipona. Miaka mingi baadaye nilisoma maandishi mengine ya Pumphrey kuhusu wagonjwa waliokufa ghafla baada ya kuinuliwa au kukalishwa, damu ikikosa kurudi moyoni. Nikakaa kimya na kile kitabu kwa muda mrefu sana.

Kinachoniumiza ni kwamba sikuwa mjinga. Nilikuwa nimefundishwa vipande. Mzio hauna wodi yake. Mtoto mwenye ukurutu anaonekana kliniki ya ngozi. Mtoto huyohuyo akianza kukohoa usiku anapelekwa kwa madaktari wa kifua. Mafua yake yasiyoisha, macho yanayomwasha, hayo ni ya koo na pua. Akitapika kila akila yai, tunamwona wodi ya watoto. Mwanafunzi naye anazungushwa idara kwa idara, kila moja wiki zake, na kila idara inamwonyesha kipande chake cha mtoto mmoja. Hakuna anayemwambia kwamba ngozi iliyopasuka ya yule mtoto mchanga ndiyo mlango ambao protini za chakula huingilia na kuufundisha mwili uadui, na kwamba pumu ya miaka sita huenda ilianza kubisha hodi akiwa na miezi minne.

Tangu mwaka juzi naomba kila kundi linikabidhi siku nne. Ni chache. Ningepewa mwezi ningeutumia wote, na sehemu kubwa ningeitumia kuwafundisha kuuliza.

Maana mzio hutambuliwa kwa kuuliza. Mgonjwa anasema "samaki ananidhuru". Mwanafunzi anaandika: mzio wa samaki. Hapo ndipo namshika mkono. Samaki gani, mbichi, wa kukaangwa, wa kopo? Kiasi gani? Baada ya dakika ngapi? Kilianza nini, kikafuata nini, kiliisha lini? Umewahi kumla tena baada ya hapo, ikawaje? Siku ile ulikuwa umekimbia, umekunywa pombe, umemeza dawa ya maumivu? Saa peke yake hueleza mengi. Mzio wa kawaida wa chakula hujitokeza ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla saa mbili hazijapita. Lakini wapo watu ambao, baada ya kuumwa na kupe wa aina fulani, mwili wao hujenga chuki na sukari iliyomo kwenye nyama ya ng'ombe, nguruwe au mbuzi. Hawa hula jioni, hulala salama, wakaamshwa usiku wa manane na mabaka na tumbo, saa tatu hadi sita baada ya mlo. Usipouliza saa, hutaihusisha nyama na lolote.

Ukiuliza vizuri, unagundua pia vile visivyo mzio. Mabaka ya kuwasha yanayokuja na kupotea zaidi ya wiki sita mara chache sana husababishwa na chakula, hata mgonjwa akiapa. Mdomo uliovimba bila kuwasha, kwa mgonjwa wa presha anayetumia dawa kama enalaprili, mara nyingi unatoka kwenye dawa hiyo kwa njia isiyohusiana na histamini kabisa; ndiyo maana sindano zetu za kawaida hazimsaidii. Inabidi dawa ile iachwe, na koo lake lilindwe.

Jana ilikuwa siku ya vipimo vya kuchoma ngozi. Huwa nawaacha wachomane wenyewe kwa wenyewe, adrenalini ikiwa mezani: tone la histamini, tone la maji ya chumvi, kisha matone ya visababishi vya mzio. Dakika 15 baadaye wanapima kivimbe kwa rula. Kikizidi kile cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi, kipimo ni chanya. Mvulana mmoja alitoka chanya kwenye wadudu wa vumbi, pia kwenye kamba wa baharini. Alishtuka. "Daktari, mbona kamba nakula tangu utotoni?" Nikamwambia aendelee kula. Wadudu wa vumbi na kamba wana protini ya misuli inayofanana, tropomaiosini, na kingamwili aliyoijenga dhidi ya wa kwanza inaweza kumtambua wa pili pasipo kumletea ugonjwa wowote. Alibaki anautazama mkono wake. Najua hatausahau mkono ule, na siku atakaposhika karatasi ya maabara iliyojaa alama za chanya atamtazama kwanza aliyeketi mbele yake.

Wakisubiri zile dakika 15 huwa nawapa kisa cha Prausnitz na Küstner, madaktari wa Ujerumani. Küstner alikuwa hali samaki, akimla anaugua. Prausnitz akachukua majimaji ya damu ya mwenzake, akajichoma nayo kwenye ngozi yake mwenyewe, na kesho yake akachoma rojo ya samaki mahali palepale. Pakavimba. Walichapisha mwaka 1921. Kumbe kulikuwa na kitu ndani ya damu kinachoweza kuhama kutoka mtu hadi mtu, na watu walikitafuta zaidi ya miaka arobaini, mpaka miaka ya 1960 akina Ishizaka huko Marekani na Johansson na Bennich huko Sweden walipokifikia kila upande kwa njia yake. Leo tunakiita IgE, kingamwili ya mzio. Nakipenda kisa hiki kwa sababu swali lake lilianzia kwa mtu aliyejua vizuri kinachomdhuru.

Wiki iliyopita tulipata mama aliyebeba karatasi ya kipimo kingine, cha IgG, kile kinachouzwa kwa watu kama kipimo cha vyakula visivyowafaa. Mwanawe wa miaka mitatu alikatazwa maziwa, mayai, ngano, samaki na vingine nisivyovikumbuka. Mtoto alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyepesi. Kingamwili za IgG dhidi ya chakula kwa kawaida huonyesha tu kwamba mtu amekula chakula hicho, na mashirika ya wataalamu wa mzio yamekataa kipimo hicho kitumike kutambua mzio. Mama alilia alipoelewa. Wanafunzi walitaka kumkasirikia aliyempima. Niliwaomba wakae na mama kwanza, wapange naye namna ya kumrudishia mtoto maziwa.

Na mimi pia ninazo karatasi zangu. Kulikuwa na miaka ambayo niliwaambia wazazi wa watoto wenye ukurutu mkali wasiwape karanga mpaka watimize miaka 3. Sikujitungia, mwaka 2000 ndivyo chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilivyoshauri kwa watoto walio hatarini, na mwaka 2008 kikaachana na ushauri huo kwa kukosa ushahidi. Mwaka 2015 yakatoka matokeo ya utafiti wa LEAP, uliofanyika London kwa watoto 640 wa miezi 4 hadi 11. Walioanza kula karanga mapema, kwa namna salama kwa umri wao, walipata mzio wa karanga kwa takriban asilimia 80 pungufu kuliko waliozuiwa. Yaani niliwazuia watoto kitu ambacho huenda kingewakinga. Hili nawaambia wanafunzi waziwazi, na tarehe zake, tena nawaambia ni wangapi kati ya walimu wangu niliowaamini walisema vile. Wananitazama kwa namna fulani nikifika hapo. Sijui wanafikiri nini, lakini daftari zao huwa zimefungwa.

Kuhusu ngozi nitaandika siku nyingine kwa kirefu. Kwa ufupi, picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe, na mwanafunzi anatafuta wekundu usiokuwepo. Kwenye ngozi nyeusi ukurutu huonekana wa kijivu, wa zambarau au weusi uliozidi, mara nyingi kama vipele vidogo vidogo kwenye vinyweleo. Papasa. Muulize mama.

Sasa nirudi kwa yule binti wa sekunde arobaini. Jumatatu nilimpa faili la bibi aliyelazwa kwa maambukizi ya ngozi ya mguu. Kwenye jalada kumeandikwa kwa wino mwekundu: MZIO WA PENISILINI. Nikamwambia, nenda kaulize. Alikaa na bibi karibu saa nzima. Alirudi na kurasa mbili. Bibi alipewa penisilini akiwa na miaka saba hivi. Alitokwa na vipele siku ya nne, homa ikiwepo, havikuwasha, uso haukuvimba, hakulazwa. Mama yake ndiye aliyesema "usipewe tena". Tangu hapo ni miaka hamsini na tano ya dawa mbadala, kali zaidi, zinazosumbua matumbo na kulea vijidudu sugu. Kati ya watu wanaobeba lebo kama hiyo, zaidi ya tisa katika kumi wakipimwa ipasavyo huonekana wanaweza kutumia penisilini bila shida. Binti aliijua takwimu hiyo. Alichotaka kujua kwangu ni kama anaruhusiwa kuiamini.

Tulizungumza na bibi, akakubali. Leo saa saba mchana, mbele yangu, binti alimpa kidonge cha amoksisilini, dawa ya jamii ya penisilini, akaweka adrenalini kwenye sinia pembeni, akavuta kiti. Mimi nilikuwa na wagonjwa wengine, nikawa napita na kurudi. Kila nikipita namkuta ameshika mkono wa bibi, anahesabu mapigo, wanaongea habari za wajukuu. Saa nane akaniita. Ngozi safi, kifua safi, presha ileile. Aliniomba kalamu. Akapiga mstari juu ya yale maandishi mekundu, akaandika tarehe, saa, kipimo cha dawa na jina lake, kisha akainama akamsomea bibi neno kwa neno alichokiandika.