Mdomo umekufa, jino liko macho

Mdomo wangu wa chini, upande wa kushoto, ulikuwa umekufa kabisa. Niliufinya kwa kucha, nikawa kama nafinya mdomo wa mtu mwingine. Mwenzangu aliyekuwa ananitibu akauliza, "Ganzi imeshika, dada?" Nikaitikia kwa kichwa. Akawasha mashine, akagusa gego, nami nikaruka kitini hadi kikombe cha maji kikamwagika.

Mimi ni daktari wa meno. Kwa miaka 11 nimekaa upande wa pili wa kile kiti, na kama kuna maneno niliyoyasema kuliko salamu ni haya: "Hayo si maumivu, ni msukumo tu." Kwa wote niliowaambia hivyo huku wakinitolea macho, niwieni radhi.

Jino lenyewe nililipuuza mwenyewe. Mganga hajigangi. Lilianza kwa kushtuka nikinywa kitu cha baridi, likaja kunikesha usiku, na nilipopigwa picha kiini, ile nyama laini yenye neva ndani ya jino, kilikuwa kimevimba kiasi cha kutorudi nyuma. Dawa iliyobaki ilikuwa kufungua jino na kusafisha mizizi.

Alichonichoma mwenzangu ndicho ambacho ningemchoma mgonjwa yeyote: dawa ya ganzi iitwayo lidokeini, ya asilimia 2, yenye adrenalini ya 1:100,000, katriji moja ya mililita 1.8. Sindano ilikwenda nyuma kabisa ya taya, pale mshipa wa fahamu unapoingia ndani ya mfupa. Ukiupata pale, nusu nzima ya taya la chini inalala. William Halsted, daktari wa upasuaji wa Marekani, alikuwa tayari anaufanyia ganzi mshipa huo miaka ya 1880, ila yeye alitumia kokeini, na alijijaribia mwenyewe mpaka ikamtawala. Lidokeini ilikuja baadaye sana. Nils Löfgren aliitengeneza Sweden mwaka 1943, ikaingia sokoni 1948, na hadi leo ndiyo fimbo ambayo dawa nyingine zote za ganzi hupimiwa.

Sasa, dawa nzuri hivyo, imepigwa na mtu mwenye mkono mzuri, mdomo umekufa. Kwa nini jino liko macho?

Darasani tulifundishwa habari ya asidi. Dawa ya ganzi ikiwa mwilini huwa na sura mbili, yenye chaji na isiyo na chaji, na isiyo na chaji ndiyo inayopenya utando wa neva. Mahali palipo pazima, kama robo ya lidokeini huwa katika sura hiyo. Penye uvimbe pana asidi, na ile robo hushuka hadi asilimia chache tu. Maelezo mazuri, nami niliyashika kama dua. Lakini nikiwa nimelala pale mdomo wazi nilijiuliza: sindano imepigwa mbali, kule nyuma ambako hakuna uvimbe wowote, asidi inahusikaje? Asidi ni sehemu ndogo tu ya habari. Neva za kiini kilichovimba zenyewe hubadilika. Huwa nyepesi kushtuka, na baadhi ya milango ya sodiamu iliyomo ndani yake, ile inayopitisha ishara ya maumivu na ambayo ganzi hutakiwa kuifunga, huwa migumu kufungika. Mdomo unalishwa na matawi ya mshipa uleule, ila matawi hayo hayaumwi. Ndiyo maana mdomo kufa si ushahidi kuhusu jino. Mdomo umejibu kwa niaba yake wenyewe.

Akanipiga katriji ya pili palepale nyuma. Moyo ukaenda mbio kama dakika mbili, mikono ikatetemeka kidogo. Hiyo ni adrenalini. Wagonjwa wengi wanaokuja wakisema "mimi nina aleji ya ganzi" huwa wanaeleza kitu hikihiki, maana aleji ya kweli ya lidokeini ni adimu mno. Adrenalini imewekwa kwa makusudi. Lidokeini ikiwa peke yake hutanua mishipa ya damu na kujisafirishia mbali, kiasi kwamba kiini cha jino hulala dakika tano hadi kumi hivi. Ikifungwa na adrenalini hulala kama saa nzima. Kwa hiyo mbio za moyo ndizo bei ya muda.

Akagusa tena. Nasikia. Afadhali kidogo, lakini nasikia.

Ndipo akachukua dawa nyingine ya ganzi, artikeini. Safari hii hakurudi nyuma. Alichoma kwenye fizi, ubavuni mwa jino upande wa shavu, taratibu, akahesabu dakika kimya.

Artikeini ndiyo inayozua mabishano kila madaktari wa meno wanapokutana, na kuna wanaoisifia kana kwamba ni maji ya baraka. Wajerumani wameitumia tangu miaka ya 1970, Marekani iliipokea mwaka 2000. Umbo lake lina pete yenye salfa ambayo dawa nyingine za jamii yake hazina, na huyeyuka vizuri kwenye mafuta, jambo linaloelezwa kuwa ndilo linaloisaidia kupenya. Halafu huvunjwa haraka ndani ya damu. Lakini tusidanganyane: yenyewe ni asilimia 4. Katriji ya mililita 1.7 ina miligramu 68 za dawa, ya lidokeini ina 36. Ukiwashindanisha hao wawili, mmoja kaingia ulingoni na uzito karibu mara mbili ya mwenzake.

Hata hivyo, uzito huo hausaidii kila mahali. Ikipigwa kule nyuma ya taya, majaribio mengi ya kulinganisha hayajaonyesha artikeini ikiishinda lidokeini kwa maana yoyote. Kwenye meno ya juu, ambako mfupa ni mwepesi na dawa yoyote hupita, tofauti ni ndogo. Inapong'ara ni ubavuni mwa magego ya chini, penye mfupa mnene ambao tuliambiwa ganzi haipiti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State walichapisha mwaka 2007 jaribio la watu 60, kila mmoja akichomwa dawa zote mbili kwa siku tofauti. Gego la kwanza la chini lililala kwa asilimia 87 ya waliochomwa artikeini, na asilimia 57 kwa lidokeini. Hayo yalikuwa meno mazima ya watu waliojitolea, si gego linalowaka kama langu. Na hata kwao ganzi ilikuwa ikififia kabla ya saa kwisha.

Kwangu ilishika. Dakika ya saba akapuliza dawa ya baridi kwenye pamba, akaigusisha kwenye jino. Kimya. Akafungua, nikasikia sauti ya mashine na harufu ile ya jino kuungua, basi.

Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuanza na artikeini kule nyuma. Jibu lake ni langu pia. Ripoti kutoka Ontario, Kanada, zilizochapishwa 1995, zilionyesha kuwa visa vya ganzi isiyoondoka, hasa ya ulimi, vilizielemea zaidi artikeini na prilokeini, dawa zote mbili za asilimia 4. Wapo wanaopinga, wakisema kosa ni la sindano kugusa neva, si la dawa. Huenda. Mimi ulimi wa mtu siuwekei dau, na kule nyuma nitabaki na lidokeini.

Nyingine nazitaja kwa kupita. Mepivakeini ya asilimia 3 bila adrenalini inanifaa kwa kazi fupi na kwa mtu ambaye moyo wake sitaki kuuchokoza. Bupivakeini huchelewa kushika lakini mdomo unaweza kubaki mzito kwa muda wa hata saa tisa nzima, nzuri baada ya kuchimba jino la mwisho, mbaya kabisa kwa mtoto, ambaye atautafuna mdomo wake hadi utoke damu. Mimi mtu mzima nimeutafuna wangu ndani ya saa tatu, na kidonda ninacho bado.

Wiki iliyofuata alikuja mama mmoja mwenye gego la chini linalowaka. Nikampiga lidokeini, nikasubiri. "Daktari, mdomo umekufa wote," akasema, akajiweka sawa kitini. Zamani ningewasha mashine. Nikachukua pamba, nikaipuliza baridi, nikaigusisha. Mkono wake ukapaa.

"Nasikia, daktari."

"Najua, mama," nikamwambia, nikavuta droo ya artikeini.