Siku moja steshenari, Newala, msimu wa korosho

Nina duka la steshenari Newala mjini, mkoani Mtwara, si mbali na stendi. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, najazia watu fomu za mtandaoni. Kuanzia Oktoba mpaka Januari, korosho zinapokuwa zimepamba moto, wateja wangu wanabadilika. Wanafunzi wanapungua, wakulima wanaongezeka, na kila mmoja anakuja na karatasi yake iliyokunjwa mara nne. Hapa nimeandika siku moja ya mwishoni mwa Novemba, ilivyokwenda saa kwa saa.

Saa 11:30 alfajiri. Kijana wa maji anagonga. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na maji huku juu ni ya kutafuta. Mto Ruvuma tunauona kule chini tu, ukisimama Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika. Nyumba nyingi zina kisima cha saruji cha kukingia mvua ya bati, lakini Novemba visima vinakuwa vimekauka, kwa hiyo tunanunua madumu yanayoletwa kwa baiskeli. Leo dumu moja lilipoteza mfuniko njiani. Kijana kaliziba kwa gunzi, lakini maji yameruka, limebaki nusu. Kabla sijasema neno akaniwahi: "Dada, hili ni nusu, lipa nusu." Nilimlipa lote. Kalisukuma kwenye kilima chote kile, maji yamwagike au yasimwagike, na aliyekiri upungufu mwenyewe hapaswi kukatwa.

Mtoto naye haoni kiatu kimoja cha shule. Tumekitafuta chini ya kitanda, nyuma ya mlango, kwenye kapu la nguo. Kimepatikana uani kwa jirani, mbwa wao mdogo kakilalia. Hakijatafunwa. Mtoto kaenda shule.

Saa 1 kasoro. Naelekea dukani. Barabarani lori la magunia linapita polepole kwenda ghala kuu, na nyuma yake kuna mstari wa korosho chini, moja baada ya nyingine, kuanzia kwenye kona mpaka pale lilipofika. Gunia la chini limetoboka. Watoto wa shule walikuwa wameshainama kuokota. Mzee mmoja aliyekaa kibarazani akanyanyuka, akapiga mbinja, akamfuata dereva huku anapunga kofia mpaka lori likasimama. Wakashuka, utingo akatoa shazia na kamba ya katani, akalishona gunia pale pale barabarani. Mzee akawaambia watoto walete walizookota. Wakaleta, mikono imejaa, wengine wamejaza mifuko ya kaptula. Utingo akazipokea, akawaachia kila mmoja kiganja kimoja cha korosho. Hakuna aliyegombezwa. Nilisimama mpaka mwisho, maana nilitaka kuona wataamuaje.

Saa 2. Nafungua. Natoa kanga ninayofunikia mashine, maana vumbi la huku ni jekundu na linaingia hata pasipo na tundu. Mteja wa kwanza ni mwalimu wa shule ya msingi. Anataka mitihani ya kufunga mwaka ichapwe leo leo, kesho watoto waikalie. Kurasa za kwanza zimetoka safi, kisha karatasi ikakwama. Nikazima, nikafungua mlango wa nyuma wa printa, nikakuta mjusi kafiri kajikunja pembeni mwa roli, kwenye joto. Mzima kabisa, macho yanatazama. Ukimvuta kwa nguvu anaacha mkia ndani, na mkia ukibaki kwenye roli kazi imeharibika. Dawa yake ni subira: zima mashine, ipoe, acha mlango wazi, weka mwanga wa tochi upande wa pili ili giza la kukimbilia libaki nje. Mwalimu alishika tochi. Baada ya muda mjusi akatoka mwenyewe, akapanda ukuta. Tukaendelea. Usiku mashine huwa na uvuguvugu, na wadudu wanaomlisha mjusi wanafuata taa ya dukani, kwa hiyo nani angemlaumu. Nimepanga kushona mfuko wa kitambaa kizito wenye mpira chini, kanga haitoshi.

Saa 4. Hapa ndipo siku iliponikaa moyoni.

Aliingia kijana na mjomba wake kutoka upande wa Kitangari. Kijana ndiye aliyeongea, mjomba kakaa kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti. Korosho zake mjomba amepeleka ushirika, zimepimwa, mnada umepita, majirani waliopeleka siku ile ile wamelipwa. Yeye bado. Wamemwambia taarifa zake hazioani, alete zilizo sahihi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Nitazamie hizo karatasi. Macho yangu hayazifikii."

Nikaziweka zote tatu mezani: kitambulisho cha taifa, kadi ya benki, na karatasi ya taarifa zake za ushirika. Jina la kwanza kwenye kitambulisho ni Mohamedi. Benki ni Mohamed. Hilo mtu yeyote analiona. Lakini lilikuwepo la pili, na hilo halionekani mpaka uhesabu kwa kidole. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kisha zinafuata tano, kisha tano nyingine, na mwisho mbili. Kundi lile la tatu mara nyingi linaanza na sifuri zilizopangana, na hapo ndipo mwandishi aliye na foleni mbele yake huruka moja. Ya mjomba, kwenye karatasi ya ushirika, ilikuwa na tarakimu 19. Sifuri moja haipo.

Nikamsomea namba nzima kwa sauti, kundi kwa kundi, huku mpwa wake kashika kitambulisho chenyewe anafuatilia. Tulipofika kwenye tarehe ya kuzaliwa, mwaka 1962, mjomba akaingilia. Tarehe yenyewe haijui, alisema, ila mama yake alimwambia alizaliwa wakati reli ya Nachingwea inang'olewa, mama akiwa amekwenda kwa ndugu zake huko. Waingereza waliijenga reli ile kwa ajili ya mradi wao wa karanga, na mradi ulipokufa nayo haikudumu. Kwa hiyo mwaka wa kwenye kitambulisho, akasema, uko sawa. Alitaka nijue kwamba hakuutaja kwa kubahatisha.

Nikamchapia barua kwa ushirika, nikaambatanisha kopi, nikaiandika namba kwa maandishi makubwa ikiwa imegawanywa kwa makundi yake manne ili anayeipokea asipate kazi ya kuhesabu. Kuhusu jina nikawaelekeza wapite kwa mtendaji wa kijiji kuchukua barua ya utambulisho, na wakiambiwa haitoshi, watafute hati ya kiapo kwamba Mohamedi na Mohamed ni mtu mmoja.

Nalisema hili kwa uchungu, maana naliona kila msimu. Mfumo wa stakabadhi ghalani, huu wa kupeleka korosho ushirika zikauzwa kwa mnada, ulianza kwenye korosho mwaka 2007, na faida yake imeonekana. Mwaka 2024 bei mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na mkulima mdogo alipata bei ile ile ya mkulima mkubwa. Lakini pesa inayopita kwenye mfumo inafuata herufi na tarakimu. Ikikosekana moja, mtu aliyepulizia mikorosho salfa tangu Juni, akapalilia, akaokota, akakausha, anakaa na ghala tupu na mfuko mtupu. Ada ya mtoto haisubiri, mgonjwa hasubiri. Msimu unaofuata, mtu huyo huyo kangomba, mnunuzi wa magendo, akimjia uani na pesa taslimu, hata kwa nusu ya bei, atamkatalia kwa lipi? Wanaoandika majina ya watu nawaomba kitu kimoja: someni kwa sauti mbele ya mwenye jina kabla hamjapiga muhuri. Ni nusu dakika.

Saa 6 mchana. Umeme ukakatika. Mitihani ya mwalimu imefika katikati: darasa la tatu tayari, la nne bado. Akakaa kwenye benchi akaanza kupanga kurasa na kubana pini zile zilizotoka. Aliyekuja na noti ya elfu kumi kwa kopi ya shilingi mia nikamwambia alete akipita tena. Hakuna cha kusimulia hapa, joto tu.

Saa 8:30. Upepo ukageuka, ukaanza kunukia udongo. Mama lishe wa jirani alikuwa ameanika korosho zake nyuma ya mgahawa, turubai zima, za siku tatu juani. Alikuwa amezigeuzageuza asubuhi na kuniambia zimebakiza siku moja. Ukizitikisa mkononi zilikuwa zinalia mlio mkavu. Wingu lilitokea upande wa bondeni, jeusi, na matone ya kwanza yakaanguka makubwa. Akapiga kelele moja tu: "Korosho!"

Kila mtu alitoka. Mwalimu aliacha mitihani, fundi viatu aliacha nyundo, bodaboda wawili walizima pikipiki, msichana wa duka la vitenge alivua viatu. Hatukuzichota, tulishika pembe za turubai, wanne huku na wanne kule, tukalikunja kuelekea katikati na kuliburuta lote mpaka chini ya banda. Zilizomwagika pembeni mimi na msichana wa vitenge tuliziokota kwa ungo. Mvua ikafunguka tukiwa tumebakiza kama sahani mbili hivi. Hizo zililowa, na mama lishe akazitenga kwenye beseni peke yake, maana korosho iliyolowa ikichanganywa na kavu inaziambukiza zote unyevu, ganda linapiga weusi, ukungu unaingia, na kwenye mizani zinashushwa daraja. Hizo alisema atazichoma ale na wanawe.

Wakati huo huo watu walikuwa wanapanda kugeuza mifereji ya bati. Mvua ya kwanza haiingizwi kisimani. Inaachwa ioshe bati, vumbi la miezi na kinyesi cha ndege kiende zake, ndipo mfereji unarudishwa. Ukimwona mtu mvua ya kwanza ameiacha inaingia, ujue nyumba hiyo haina tone.

Saa 9:15. Mvua ikiwa bado inanyesha, akaingia bibi mmoja, kalowa, mkono umebana upindo wa kanga kifuani. Ndani ya upindo mlikuwa na barua ya mauziano ya shamba la mikorosho, aliloliuziwa mumewe marehemu. Alikuwa anakuja kuitolea kopi, mvua ikamkuta njiani.

Maandishi yalikuwa ya kalamu ya kawaida, na wino wake unavumilia maji. Muhuri wa kijiji ndio ulikuwa umeanza kutambaa, duara lake la bluu linapoteza ukingo. Mwenyewe alitaka kuifuta kwa kanga. "Bibi, tusiiguse," nikamwambia. Karatasi iliyolowa haifutwi wala haipigwi pasi. Niliilaza juu ya karatasi nyeupe kavu, nikafunika nyingine juu, nikaweka kitabu kizito, na kila baada ya dakika chache nikabadilisha zile nyeupe. Ya kwanza ilinyonya bluu kidogo, ya pili ikanyonya pungufu ya hapo, ya tatu ikatoka safi. Muhuri ukasomeka: jina la kijiji na tarehe. Bibi alikuwa amekaa ananitazama mikono tu, haongei.

Akaomba niipige laminesheni moja kwa moja isilowe tena. Nikamkatalia kwa heshima. Barua halisi ikishafungwa kwenye plastiki haifunguki tena, na joto la mashine juu ya karatasi yenye unyevu linaikunja na kuibabua. Kinacholaminishwa ni kopi. Ile halisi iwekwe kwenye bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa nailoni, mahali pakavu. Tukakubaliana asubiri umeme.

Mama lishe akaleta sahani bila kuagizwa: ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, na kipande cha samaki mkavu. "Leo hamlipi," akasema kwa wote waliokuwa chini ya banda. Bibi alikula na mwalimu sahani moja.

Saa 10:40. Umeme ukarudi. Kwanza kopi za bibi, mbili, moja nikaipiga laminesheni. Kisha mitihani ya darasa la nne, la tano, la sita. Kabla ya kuwasha nilifungua mlango wa nyuma wa printa kumtazama mjusi. Hayupo.

Saa 12 jioni. Mwalimu kaondoka na boksi lake amelifunga kwa mpira nyuma ya pikipiki. Nimefagia tope la miguu ya watu, nimefunika mashine, nimehesabu mauzo. Sarafu nyingi, noti chache.

Saa 2 usiku. Ujumbe kutoka kwa yule mpwa. Barua imepokelewa, namba imerekebishwa wakiwa pale pale, la jina wanasubiri barua ya mtendaji. Kisha akauliza nafungua saa ngapi, kwa sababu kijijini wapo wengine wawili ambao hawajalipwa, na mmoja wao wamemhesabia namba wenyewe usiku huu, imetoka 19.

Nikamjibu: saa 2 kamili, na waje na vitambulisho vyenyewe, siyo picha ya kwenye simu.