Kigelegele Northumberland Avenue

Shoga yangu wa Mombasa alikuwa akijifunza Kikorea katika Kituo cha Utamaduni cha Korea, pale Northumberland Avenue, London, karibu na Trafalgar Square. Ni nyumba ya serikali. Wizara ya utamaduni ya Korea Kusini ndiyo inayoiendesha tangu 2008, na kuingia ni bure. Jioni moja ya baridi akanivuta: "Shoga, leo kuna mwimbaji, twende."

Akatoka mwanamke mtu mzima aliyevaa hanbok, vazi la jadi la Kikorea, upepeo wa kukunja mkononi, na nyuma yake mzee mwenye ngoma moja. Basi. Hiyo ndiyo pansori: sauti, ngoma, na hadithi ndefu ambayo kuiimba yote huchukua saa nyingi. Zamani hadithi hizo zilikuwa 12, leo zinaimbwa 5. Usiku ule tulipewa vipande vya ile ya Simcheong, binti wa kipofu, aliyejiuza kwa mabaharia kwa magunia 300 ya mchele, sadaka ya hekaluni ili baba yake aone. Mabaharia walimtaka wamtose baharini, awe kafara.

Sauti ya yule mama ilikuwa ya kukwaruza, imetoka mbali kifuani. Mzee wa ngoma alimjibu kila mara kwa mwito wa kumtia moyo: "Eolssigu!" Tulishaambiwa kwamba hadhira nayo hupaswa kuitikia, lakini ukumbi ulinyamaza, mikono mapajani. Iliniuma. Mimi nimekulia kwenye taarab, na kwetu mwimbaji haachwi peke yake. Anatuzwa, anapigiwa vigelegele, anajua amefika.

Simcheong aliporuka baharini nililia. Lakini hakufa, aliokolewa akawa malkia, akaandaa karamu ya vipofu wote wa nchi ili ampate baba yake. Mzee aliposikia sauti ya mwanawe, macho yakafunguka, ya vipofu wengine pia. Hapo hatukuweza tena. Tulipiga vigelegele, mimi na shoga yangu, vya harusini hasa. Mpiga ngoma akachapa ngoma kwa nguvu, mwimbaji akatugeukia, na watu wa nyuma nao wakaanza: "Eolssigu!"

Baadaye mwimbaji alituita. Mkalimani akatuuliza kwa niaba yake: muziki wenu una nyumba gani hapa London, nije kusikiliza? Nilimwambia ukweli, kwamba hauna, na ulinichoma kuutamka mbele ya mtu aliyepewa ukumbi na serikali yake. Nikachukua kalamu, nikamwandikia jina la kikundi cha taarab: Ikhwan Safaa, Zanzibar, tangu 1905, bado wanapiga.