Waliwasha Moto kwa Sababu ya Mvua

Tumsifu Yesu Kristo!

Wapendwa wa jumuiya, zamu ya tafakari wiki hii imeniangukia mimi. Ninaandika nikiwa kwenye meza ya jikoni, ghorofa ya tisa, hapa Guangzhou, na kuta zinatiririka maji. Ndivyo mji huu unavyokuwa kila mwaka baridi inapoondoka: upepo wa unyevu unapanda kutoka baharini, unazikuta kuta bado zimepoa, basi vigae vinatoka jasho usiku na mchana. Nguo za shule za watoto zina siku ya tatu kwenye kamba na hazijakauka. Hali hii ndiyo iliyonirudisha kwenye somo la leo, maana nalo lina mvua, lina baridi, na lina watu waliolowa.

Ni Matendo ya Mitume 28:1-10. Naomba mlisome lote kwanza, polepole, kisha mrudi hapa.

Merikebu ya Paulo imevunjika. Watu 276, wafungwa, askari na mabaharia, wametupwa pwani ya Malta baada ya majuma mawili ya dhoruba. Tukilisoma somo hili, macho yetu hukimbilia kwa nyoka. Nami tangu utoto, pale Mlimba, nilimkimbilia nyoka. Aya ya pili niliipita kama treni inavyopita kituo isichosimama. Aya hiyo inasema wenyeji wa kisiwa waliwatendea wema usio wa kawaida: waliwasha moto, wakawakaribisha wote, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na kulikuwa na baridi.

Basi. Hakuna sababu nyingine iliyotajwa. Hawakuuliza nani mfungwa na nani askari, wala hawakujua kwamba mmoja wao ni mtume.

Sisi tulifika hapa Januari 2018. Mume wangu alikuwa amepata kazi kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo, wale wanaokusanya bidhaa za wafanyabiashara wetu wa Kariakoo na kuzipakia kwenye makontena. Niliambiwa Guangzhou ni mji wa joto, nikafunga nguo kama mtu anayekwenda Dar. Lakini Januari ina baridi yake, na huku kusini nyumba hazina mabomba ya kupasha joto kama za kaskazini. Baridi ikiingia pamoja na mvua ya rasharasha, inakaa ndani na wewe. Siku ya kwanza tuliimalizia kituo cha polisi, maana mgeni asiyelala hotelini hupewa saa 24 tu za kujiandikisha. Jioni tulirudi na binti yetu wa miaka miwili anakohoa hadi anatapika. Nilimzungushia vitenge viwili, nikaenda kulia chooni ili kaka yake asinione.

Mlango ukagongwa. Alikuwa bibi wa mlango wa pili, mwembamba, kichwa hakinifiki begani, kashika sufuria kwa mikono miwili. Alisema mengi, sikuelewa hata neno. Akanisogeza kwa kiwiko, akapita, akaiweka sufuria mezani, akafunua. Ulikuwa uji. Uji wa mchele, mweupe, umekatiwa tangawizi nyembamba kama nyuzi. Akamgusa mtoto shingoni, akatikisa kichwa, akatoka, akarudi na chupa ya maji ya moto huku akirudia maneno yaleyale. Baadaye nilijifunza maana yake: mnyweshe maji ya moto. Kwa watu wa huku maji ya moto ndiyo dawa ya kwanza ya karibu kila kitu, na kwa watoto wangu leo ndiyo kawaida yao.

Tangu siku ile tunamwita Popo, kama Wakantoni wanavyomwita bibi mzee yeyote.

Tafsiri ya Union ya Biblia inawaita wale watu wa Malta "washenzi". Neno hilo liliniumiza nilipolisoma baada ya usiku ule, nikamwuliza padre. Akanieleza kwamba Luka aliandika neno la Kigiriki la mtu asiyejua Kigiriki, mtu ambaye lugha yake masikioni mwa Wagiriki ilikuwa bar-bar-bar tu. Basi pale mlangoni mwenye bar-bar-bar nilikuwa mimi. Nimesoma, nimefundisha katekesi, nina vyeti vyangu kwenye bahasha, lakini mbele ya yule bibi sikuweza kusema hata asante. Na yeye hakungoja asante.

Mtakumbuka kwamba mliponiaga mliniombea niende kuwa nuru ugenini. Nilishukuru, na sala zile bado nazitegemea. Tena tuna msemo wetu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunaupenda kwa sababu unampa mgeni heshima kubwa, na kwenye somo la leo umetimia waziwazi, maana Publio, mkuu wa kisiwa, alimkaribisha Paulo siku tatu, na baba yake Publio, aliyekuwa kitandani na homa na kuhara damu, akapona. Lakini angalieni mpangilio wa Luka. Aliyepona kwanza ni mgeni. Ametoka baharini akitetemeka, akaota moto ambao hakuuwasha, akala chakula ambacho hakukilima. Mikono aliyomwekea yule mzee mgonjwa ilikuwa imekwisha kupashwa joto na wenyeji. Mimi nilitaka kuanzia kwa Publio. Mungu akanianzisha ufukweni, kwenye uji.

Na si kwamba Paulo alikaa kupokea tu. Aya ya tatu inamwonyesha akikusanya kuni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye hakungoja ya tatu. Jembe letu hapa limekuwa dogo. Jumamosi asubuhi nashuka na Popo sokoni kumbebea mchele na mboga, kwa sababu magoti yake hayataki tena mzigo. Kijana wetu amemkuzia maandishi kwenye simu, na humpigia mwanawe aliye Shenzhen ili waonane kwa video. Popo si Mkristo. Ana meza ndogo ya wazee wake sebuleni, anawachomea ubani. Nimemweleza habari za Kristo kwa Kichina changu cha kuungaunga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimenyea chungwa. Ninaendelea kumwombea, na sitaki kuandika hapa kwamba kuna jambo limetokea ambalo halijatokea.

Sasa nyoka. Anatoka kwenye kuni alizokusanya Paulo mwenyewe, anamng'ang'ania mkononi, na watu walewale waliowasha moto wanasema: huyu bila shaka ni mwuaji. Baada ya kungoja kwa muda mrefu na kuona havimbi, wanasema: huyu ni mungu. Mtu mmoja, moto mmoja, hukumu mbili, na zote mbili si kweli.

Tunaoishi ugenini tunazijua hizo hukumu mbili. Tukisafiri na watoto, watu wanatuzunguka na simu kutupiga picha, wanagusa nywele za binti yangu, wanataka kupakata mtoto kama vile ameshuka kutoka mbinguni. Hiyo ni hukumu ya pili. Ya kwanza tuliipata Aprili 2020. Mnakumbuka habari zilivyofika huko: Waafrika hapa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba na hoteli kwa hofu ya ugonjwa, wengine wakalala nje. Sisi hatukutolewa, lakini tulifungiwa ndani siku 14 ilhali hatukuwa tumesafiri popote. Siku moja kabla ya kufungiwa nilikutana na Popo kwenye lifti. Aliniona, akarudi nyuma, akaziba uso kwa kiganja, akaacha lifti ifunge. Sijawahi kuumizwa hivyo na adui. Usiku huo sikusali.

Siku ya tatu ya kufungiwa tulikuta mfuko umening'inizwa kwenye kitasa cha nje: mboga za majani, tangawizi, mayai kumi. Siku ya tano tena. Siku ya nane tena. Hakugonga hata mara moja. Aliogopa, na akaleta. Kwa muda mrefu nilitaka kujua Popo wa kweli ni yupi, wa lifti au wa kitasa. Luka alinisaidia, kwa sababu hakuwatenganisha watu wa Malta. Hakurudi kuufuta ule wema wao baada ya kusikia wakimwita Paulo mwuaji, wala Paulo hakuwajibu kwa ukali. Alimkung'utia nyoka motoni, akaendelea kukaa nao miezi mitatu. Mimi nilichukua zaidi ya miezi mitatu kumkung'uta wangu, nakiri.

Nakiri na lingine. Mlimba ni kituo cha TAZARA. Reli ile, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa na Wachina pamoja na ndugu zetu kati ya mwaka 1970 na 1975, na babu yangu aliwauzia ndizi. Sisi wajukuu, tukimwona Mchina yeyote barabarani, tulikuwa tukimkimbilia na kumwigiza lugha yake kwa kelele. Hakuna mkubwa aliyetukemea. Wao walikuwa wametoka mbali, wengine wakafa huko kwa ajali na maradhi, na sisi tuliwapa bar-bar-bar.

Mlinzi wa geti letu ni mzee. Aliposikia tunatoka Tanzania alisema kwa sauti, "Tan-Zan tielu!", yaani reli ya Tanzania na Zambia, akanishika mkono. Popo alikuwepo. Akaniuliza: waliofia kule, wamezikwa wapi? Nikamwambia kuna makaburi Gongo la Mboto, pale Dar es Salaam. Akaniuliza nani huyafagia. Lazima mjue kwamba kila mwaka mwanzoni mwa Aprili, siku ya Qingming, watu wa huku huenda kufagia makaburi ya wazee wao, kung'oa majani na kuweka chakula, kwa hiyo kwake lile lilikuwa swali zito. Sikuwa na jibu. Nimepita Gongo la Mboto mara ngapi sijui, na sikuwahi kusimama.

Hapa niwapeleke kidogo Xi'an, kaskazini, tulikokwenda wiki ya sikukuu ya taifa ya Oktoba 2019. Siku nzima kwenye treni ya mwendokasi, watoto wakihesabu mahandaki mpaka wakachoka. Kuna jumba la makumbusho lililojaa mawe ya maandishi, na kati yake limo jiwe moja refu kumpita mtu, lililosimamishwa mwaka 781. Juu yake kumechorwa msalaba umekaa juu ya ua la yungiyungi. Linasimulia kwamba mwaka 635 mtawa aitwaye Alopen alifika mji huo, wakati huo ukiitwa Chang'an, akiwa amebeba Maandiko. Mfalme alimtuma waziri wake, Fang Xuanling, hadi nje ya mji upande wa magharibi ampokee kama mgeni. Maandiko yakatafsiriwa ndani ya maktaba ya mfalme. Hivyo ndivyo jiwe linavyosimulia Injili ilivyoingia China: wenyeji walitoka nje ya mji kumlaki mgeni. Mwaka 845 mtawala mwingine alizifunga nyumba zile za watawa, na moto huo ukazimwa. Lakini ubavuni mwa jiwe bado yapo majina ya wale mapadre na watawa, yameandikwa kwa Kisiria, lugha ya watu waliokuwa mbali na kwao. Nilisimama pale nikayatazama majina nisiyoweza kuyasoma. Jumapili iliyofuata, kwenye Misa ya alasiri katika kanisa kuu la mawe hapa Guangzhou, lile lililoanza kujengwa mwaka 1863, niliwaombea.

Basi mwaka juzi tulipokuja likizo, tulikwenda Gongo la Mboto, familia nzima. Tulikuta makaburi yamepangwa kwa safu na yanatunzwa vizuri. Tulisali Baba Yetu na Salamu Maria, binti yangu akaokota majani makavu machache yaliyoanguka, na mume wangu akapiga picha jiwe moja baada ya jingine.

Tuliporudi nilimpelekea Popo simu. Alivaa miwani, akakaa karibu na dirisha. Nilidhani atatazama picha moja, mbili, anirudishie. Akaanza kusoma majina. Aliyasoma kwa sauti, moja moja, kwa Kikantoni chake, kidole kikisogeza picha. Akifika jina asilolisoma vizuri alimwita kijana wetu alikuze. Ilichukua muda mrefu. Uji ulikuwa jikoni kwake unachemka, akaniashiria nikaupunguzie moto, nami nikaenda.

Nia ya sala wiki hii: Jumatano Popo anafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Mwanawe hawezi kupata ruhusa kazini, kwa hiyo ametuomba sisi tumpeleke. Tunatoka nyumbani saa moja asubuhi kwa saa za huku, ambayo kwenu itakuwa saa nane usiku. Atakayekuwa macho amtaje.