Kuwatafuta Sungura wa Ukuta wa Berlin

Nilianzia Bernauer Straße, mtaa ambao kipande cha mpaka wa zamani kimehifadhiwa, kwa sababu habari ya sungura wa Berlin, walioishi kati ya kuta za mpaka huo, haieleweki mpaka mtu aone makao yao yalivyokuwa. Ukuta uliotenganisha Berlin Magharibi na Berlin Mashariki, ulioanza kujengwa tarehe 13 Agosti 1961, haukubaki mmoja. Baadaye zilikuwa kuta mbili, ule wa upande wa Magharibi ukifikia kimo cha mita 3.6, na katikati yake paliachwa ukanda wenye uzio wa tahadhari, njia ya magari ya doria, taa, minara ya walinzi na mchanga uliosawazishwa kwa reki ili nyayo za mtoro wa kutoka Mashariki zionekane. Nilipoutazama kutoka kwenye mnara wa wageni ulio ng'ambo ya barabara, nilitambua jinsi ulivyomfaa mnyama anayechimba mashimo: udongo wa Berlin ni wa kichanga, nyasi ziliota kandokando, na hapakuwa na mwindaji wala mpita njia.

Hata hivyo siwezi kuisimulia neema hiyo peke yake. Watu wasiopungua 140 walipoteza maisha yao kwenye Ukuta huo, na katika ukuta wa chuma uliojengwa kuwakumbuka nilizipitia picha zao mojamoja, nyingine zikiwa za watoto wadogo. Utulivu wa sungura ulitokana na hofu iliyowafukuza binadamu, na kila anayewasifu sungura hao anapaswa kulitaja jambo hilo.

Nilitembea kwa Gartenstraße na Liesenstraße hadi Chausseestraße, palipokuwa na kituo cha kuvukia mpaka. Hapo, mwaka 1999, msanii Karla Sachse alipachika sungura 120 wa shaba, wenye ukubwa wa sungura halisi, ndani ya lami na mawe ya njia ya waendao kwa miguu. Nilichuchumaa nikamgusa mmoja: ni bapa, hajainuka juu ya jiwe, na nyayo za watu zimemsugua hata akang'aa kuliko wenzake walio pembeni. Wapita njia walimkanyaga bila kumtazama. Baadhi ya sungura hao wamepotea kutokana na kazi za ujenzi, jambo lililonihuzunisha, maana sioni kumbukumbu nyingine ya mpaka huo inayomgusa mtu kwa upole kiasi hicho.

Kutoka hapo nilipanda treni ya chini ya ardhi ya njia ya U6, ambayo wakati wa mgawanyiko ilivipita vituo kadhaa vya Mashariki bila kusimama, nikabadilisha Friedrichstraße na kushukia Potsdamer Platz. Ukanda ulikuwa mpana sana mahali hapa, na watu wa Berlin Magharibi waliopanda majukwaa ya mbao kuchungulia upande wa pili waliwaona sungura wakila nyasi mchana kweupe. Leo pamejaa maghorofa ya vioo. Baada ya mpaka kufunguliwa tarehe 9 Novemba 1989 na kuta kubomolewa, ardhi hiyo ikawa ya magari na mitambo ya ujenzi, na sungura wakapoteza kinga yao. Bustani kubwa ya Tiergarten iko jirani kabisa, upande wa magharibi. Sungura wanaoishi katika bustani za Berlin sasa hawana ukuta wa kuwakinga dhidi ya mbweha, ambao wamezagaa mjini, wala dhidi ya mbwa wanaotembezwa na wenyeji.