Jua linapiga kelele, sisi tu ndo hatusikii

Nimeandika kwenye grupu la familia kwamba leo nimeenda kuona mitambo inayochunguza korona, mama mdogo akajibu fasta "vaa barakoa mwanangu" 😂 Hapana ma'mdogo, hii ni korona ya jua, lile taji jeupe linalotokeza jua likipatwa lote.

Basi niko Uholanzi, nje kidogo ya kijiji cha Exloo, nimekuja kuiona LOFAR, darubini ya redio, yani badala ya kutazama mwanga inasikiliza mawimbi ya redio toka angani. Nilitegemea madishi makubwa kama nyumba, nakuta vijiti! Bomba jembamba limesimama urefu wa mtu, juu kichwa kidogo, nyaya nne zinashuka pembeni kama kamba za hema, chini wavu wa chuma. Ndo antena hiyo. Ziko maelfu, nyingine ziko hadi Ujerumani na Ufaransa, na kompyuta ndo inaziunganisha zisikilize kama sikio moja.

Uso wa jua una joto kama digrii 5,500 hivi, ila korona iliyo juu yake inapita milioni moja, yani umetoka jikoni ukakaa sebuleni halafu sebuleni ndo unaungua. Mpaka leo wanasayansi wanabishana kwa nini.

Na redio inasaidiaje? Korona ni plazma, yani gesi ya moto mno hadi elektroni zimechomoka kwenye atomi zake, na hizo elektroni zimebanana chini, juu zinapungua, na wimbi la masafa (frikwensi) ya chini haliwezi kupenya palipobanana. Kwa hiyo ukisikiliza megahezi 200 unasikia karibu na uso, ukishuka 30 unasikia mbali kule juu, kila ukipunguza masafa ni kama unapanda ngazi. Elektroni zikifyatuka kwa kasi kama theluthi ya mwendo wa mwanga, mlio unaporomoka toka masafa ya juu hadi ya chini kwa sekunde chache tu, kumbe zenyewe ndo zinapaa!

Februari 1942 rada za Waingereza zilijaa makelele wakajua ni Wajerumani wanawavuruga, mpaka mwanafizikia wao James Stanley Hey akagundua kelele inalifuata jua, na siku hizo jua lilikuwa na kundi kubwa la madoa, yale mabaka meusi usoni pake. Kwa vile ni vita ikabaki siri.

Picha za jua msiniombe, mvua imenyesha toka asubuhi sikuliona hata kidogo. Vile vijiti wala havijali mawingu, mimi ndo nimelowa.